Prof na Mita Zetu Kumi na Sita

Alizaliwa wapi sijui, na sikuwahi kumuuliza, maana naye angeniuliza nataka kujua kwa nini. Tangu utoto wangu nilijua jambo moja tu juu yake: Prof, mwalimu wa hesabu wa sekondari, alikuwa jirani yetu wa mkono wa kushoto, hapa Kasongo, na alikuwa ametula kiwanja mita kumi na sita za mraba. Baba alisema hivyo. Mama alisema hivyo. Mimi ninaishi hadi leo katika nyumba waliyonizalia, nalala chini ya bati ambalo nilihesabu matundu yake nikiwa na miaka sita, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kusema vingine.

Wenzangu wa darasani walienda Salamabila kuchimba dhahabu, wengine wakashuka Nyangwe kuuza samaki. Mimi nilienda mpaka barazani, nikakaa. Diploma yangu ya sekondari iko ukutani, na mama huwaonyesha wageni kama mtu anayeonyesha ngozi ya chui aliyeuawa na mtu mwingine. Lakini kukaa barazani nako ni kazi, hasa kama kutoka barazani unaona uani kwa mtu unayemshuku.

Prof alikuwa na shaka na kila kitu chenye namba. Sokoni hakununua mchele kabla ya kutia mkono ndani ya kopo la muuzaji na kulipapasa, kwa sababu wako wanaoligonga kopo kwa chini likabonyea kuja juu.

"Prof, uko natafuta nini mu kopo yangu?" mama mmoja wa mchele alimuuliza mbele ya watu.

"Natafuta chini."

"Na umeiona?"

"Nimeiona, mama. Iko karibu sana na juu."

Watu walicheka hadi mama mwenyewe akacheka, na siku ile akampimia kwa kopo lingine alilolitoa chini ya meza. Redio ikisema kwamba watu elfu walikuja uwanjani kumpokea mkubwa fulani, Prof aliizima na kuiuliza, ikiwa imezimwa tayari: "Nani alihesabu? Alianzia upande gani?" Saa ya kanisa hakuiamini. Saa ya msikiti aliiamini kidogo, akisema angalau mwadhini hutoka nje kuangalia mbingu.

Zaidi ya yote, hakutia sahihi. Mtu mwenye elimu ile, kalamu tatu mfukoni, akiletewa daftari la msiba au orodha ya wazazi, alichora msalaba mdogo kama bibi ambaye hakusoma. Tulilichambua jambo hili kwa miaka. Mmoja alisema Prof ana jina lingine huko Kabambare. Mwingine alisema alikula kiapo. Baba alisema mwizi haachi alama. Kauli ya baba ndiyo iliyokaa nyumbani kwetu.

Kila likizo kubwa alipanda pikipiki kwenda upande wa Kabambare, mfuko mtupu begani, na alirudi mfuko umejaa. Kutoka Kabambare hadi machimbo ya Salamabila si mbali kwa mtu mwenye nia, na sisi kwa niaba yake tulikuwa na nia kubwa. Mwaka mmoja nilimchungulia kupitia boma la michongoma akiumwaga mfuko juu ya mkeka. Zilikuwa karanga. Nilimpelekea mama habari.

"Karanga tupu?"

"Karanga tupu, mama."

"Basi dhahabu iko chini ya karanga," akasema, na wote wawili tukaridhika.

Safari moja nilikwenda naye, ndiyo safari ndefu ya maisha yangu na sitaki nyingine. Shule ilimtuma kupeleka karatasi Kabambare, nami nikapewa kazi ya kuzikumbatia. Motari, mwenye pikipiki aliyetupakia, alijigamba tangu alfajiri kwamba tutaenda na kurudi kabla ya saa sita mchana. Barabara hiyo mnaijua. Tulisukuma pikipiki kuliko ilivyotubeba. Saa sita ilipofika ndipo tulipoingia Kabambare, matope hadi masikioni, na motari hakuona aibu: "Prof, usiogope! Kwa kurudi nitakaza!"

Prof alishuka polepole, akajipangusa miwani. "Mwanangu, kaza hata upae. Saa sita imefika na sisi tuko huku. Spidi unayoitafuta haiko. Si kwamba iko kubwa. Haiko." Kisha akamnunulia chai. Motari alikunywa akinitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyemroga.

Hilo ndilo lililokuwa somo lake lote, darasani na nje. Walimu wengine walitufundisha kutafuta jibu. Yeye alitufundisha kuuliza kwanza kama jibu liko. Aliandika ubaoni namba mbili zisizojulikana, akatupa jumla yake na zao lake ukizizidisha, nasi tukainamia madaftari kama kuku walioona mahindi. Alipiga meza kwa rula.

"Munaingia wapi? Mumepiga hodi?"

Akanyoosha rula kwenye mlango wa darasa.

"Mutu anaenda kwa jirani, anakuta mulango. Anafanya nini? Anavunja? Anapita dirisha? Anapiga hodi! Akiitikiwa karibu, anaingia. Asipoitikiwa, anarudi kwake. Ninyi muko naingia mu nyumba za watu, munafungua masufuria, na hata hamujue kama wenyewe wako."

Hodi ya namba mbili ilikuwa fupi, na mtu yeyote anaweza kuipiga. Chukua nusu ya jumla, uizidishe kwa yenyewe. Hilo ndilo zao kubwa kabisa ambalo namba mbili za jumla ile zinaweza kuzaa, na zinalizaa zikiwa sawasawa. Kama zao ulilopewa halizidi hapo, umeitikiwa, ingia utafute. Kama linazidi, hata kwa nukta, nyumba ni tupu. Hakuna namba za kweli zinazokaa mle. Usitafute, usibahatishe, andika "hapana mutu" ushike njia. Wenye akili walimwuliza juu ya zile namba nyingine, zisizo za kweli, ambazo vitabu vikubwa vinazitaja. Aliwajibu kwamba ziko, na ni nzuri, lakini huwezi kuzipandia mihogo.

Katika ekzame ya mwisho wa mwaka aliuliza hivi: jumla ya namba mbili ni hamsini, zao lake ni mia sita na arobaini, tafuta namba hizo kama ziko. Mimi sikupiga hodi. Niliingia kwa dirisha. Nikaona ishirini mara thelathini na mbili ni mia sita na arobaini, nikashangilia moyoni, na hizo mbili zilizozidi kwenye jumla nikazifunika kwa mwandiko mbaya. Kopi yangu ya majibu ilirudi na sifuri nyekundu, na chini yake: "Umeongea na nani humu?"

Nilirudia darasa. Na swali likarudia pamoja nami, neno kwa neno. Safari hii niliapa. Nilitumia karibu saa nzima na karatasi mbili za rafu, nikafika kwenye ishirini na tano, na ishirini na tano nukta sita. Zao: mia sita na arobaini kamili. Jumla ilizidi kwa nukta sita tu. Nukta sita! Kwa kopo la mama wa mchele hata mchwa asingeiona. Sifuri. Nikamfuata mlangoni.

"Prof, lakini nilikaribia."

"Kukaribia nyumba tupu si kufika," akasema. Kisha, akiangalia kulia na kushoto kama mtu anayeuza kitu cha magendo: "Swali hili ulipeleke kwenu. Uliweke mu kichwa. Siku moja litakuuliza lenyewe."

Nilipeleka kwetu nilichokisikia, yaani kwamba Prof anatuchukia. Baba akasema ndiyo, mtu akishakula ardhi yako hutafuta na akili ya mtoto wako. Nilifaulu kwa masomo mengine. Wadogo zangu walipopita darasa lile niliwauliza juu ya swali la hamsini na mia sita na arobaini. Hawakuwahi kuliona. Hilo nalo nililiweka kwenye hesabu ya chuki.

Lakini alikuwa na mambo yake ambayo hayakuingia vizuri kwenye hesabu hiyo, na nayataja kwa sababu yalinisumbua. Kuku wetu akivuka boma, alimrudisha siku hiyo hiyo, mguu umefungwa kamba, na kikaratasi: "Amevuka saa tatu na robo. Amekula karanga kumi na moja." Kila asubuhi alimsalimia mama kutoka upande wa pili wa michongoma, "Mama, umeamukaje?" na mama alimjibu kuku, si yeye. Miaka na miaka. Hakuacha kusalimia. Baba alipofariki, Prof alikuja msibani, akakaa nyuma kabisa, akachora msalaba wake kwenye daftari, na mama akaamuru kiti alichokalia kioshwe.

Halafu boma lenyewe. Kila Jumamosi asubuhi alitoka na panga na kamba yenye mafundo, akapima, akakata michongoma upande wake, akapima tena. Sisi tulikaa barazani tukimwangalia kama watu wanaotazama jeraha lao likipanuliwa.

"Angalia," mama alisema. "Iko nakula."

Baba, alipokuwa hai, alijibu kwa vitendo. Kila masika alichomeka vipandikizi vipya vya michongoma kwenye boma, akivisukuma mbele, upande wa Prof, ili kulirudisha lilipotoka. Maana aliwahi kupima kiwanja chetu kwa hatua na kwa kamba, ishirini na sita kwa ishirini na nne, akapata mia sita ishirini na nne, na karatasi ya kiwanja ilisema zaidi. Kumi na sita zaidi. Karatasi yenyewe hatukuonyeshwa. Ilikaa chini ya sanduku la mama, ndani ya kitambaa, ndani ya kitambaa kingine.

Ikatoka mwaka jana. Lilipita tangazo kwamba viwanja vyote vya mtaa wetu vinaandikwa upya. Kila mwenye kiwanja alete karatasi yake, na mwenye ugomvi na jirani aseme sasa au anyamaze. Karatasi yenye kasoro ingepokelewa tu kama aliyeishuhudia yuko hai na atasimama nayo. Asiye na karatasi wala shahidi, kiwanja chake kingehesabiwa hakina mwenyewe. Mama alinipa sanduku kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hii ndiyo siku. Kaandike kila kitu. Andika jina la yule mutu."

Nilikaa mezani na fomu. Karatasi ilikuwa imeliwa na mchwa, na walikuwa wameanzia mahali pa muhimu: urefu na upana havikuwepo, ila tundu. Yalibaki mambo mawili. Mzunguko wa boma lote: mita mia moja. Eneo: mita za mraba mia sita na arobaini. Fomu ilitaka urefu na upana, nami nikajiambia, wewe una diploma, vitafute. Mzunguko mia moja, basi urefu na upana kwa pamoja ni hamsini. Ukivizidisha, mia sita na arobaini.

Kalamu ilisimama yenyewe. Hamsini. Mia sita na arobaini. Nilisikia wino mwekundu ukiniuliza nimeongea na nani humu.

Nikapiga hodi, mara ya kwanza maishani. Nusu ya hamsini ni ishirini na tano. Ishirini na tano mara ishirini na tano ni mia sita ishirini na tano. Boma la mita mia, ulinyooshe au ulipinde kona nne unavyotaka, haliwezi kuzunguka kiwanja kikubwa kuliko hapo. Kiwanja cha karatasi yetu hakikuwepo Kasongo, wala Kabambare, wala popote penye udongo. Hakikuliwa. Hakikuwa. Na pembeni, chini ya jina la mpimaji, palikuwa na neno "shahidi" na sahihi nzuri yenye mkia mrefu. Mwandiko ule niliujua. Uliwahi kunipa sifuri mbili.

Yule niliyekuwa nakwenda kumshtaki ndiye pekee ambaye angeweza kuiokoa nyumba ya mama.

Nilizunguka kwa barabara, sikupita kwenye boma. Mlangoni kwake nilisimama nikajikohoza.

"Hodi."

"Nani?"

"Jirani."

"Jirani wa wapi?"

"Prof, mnanijua. Nimekaa hapo miaka arobaini."

"Kukaa si kujulikana. Umekuja na nini?"

"Na mia sita na arobaini."

Nilisikia kiti kikisogea. Mlango ulifunguka. Alikuwa amezeeka kuliko alivyoonekana juu ya michongoma, miwani imefungwa kwa uzi, lakini jicho ni lile lile la kupapasa makopo. Aliishika karatasi, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza aone kama nyuma pana kitu.

"Umechelewa," akasema. "Lakini umepiga hodi."

Akanieleza akiwa amesimama. Mpimaji yule alikuwa mtu wa kupita, mwenye kamba yake, si wa biro yoyote ya serikali. Alipima viwanja viwili siku moja, chetu na cha Prof. Chetu kikatoka ishirini na sita kwa ishirini na nne. Baba, kwa furaha, alikuwa amemchinjia kuku. Mpimaji alipokuwa anaandika, baba akamwambia kama anavyoambiwa muuza mihogo sokoni: na matabishi yangu? Mutu ananunua, mutu anaongezwa. Mpimaji akacheka, ameshiba, akaandika mia sita na arobaini.

"Nikamwambia: bwana, pande hazikuongezeka, hiyo kumi na sita itakaa wapi? Akaniambia: wee Prof, ni matabishi tu, tia sahihi. Kwa yangu nilikataa matabishi. Kwa yenu..." Aliifuta miwani isiyohitaji kufutwa. "Baba yako alikuwa anafurahi sana. Nikatia. Sahihi yangu ya mwisho."

"Na mwaka uliofuata baba akapima."

"Akapima. Akangoja ardhi ifuate karatasi. Haikufuata. Akaniangalia."

"Kwa nini hamkusema, Prof? Boma ni hili, mdomo ni huo."

"Ningesema nini? Mwizi anajitetea kwa hesabu? Na ningesema kwa sauti kwamba karatasi ya jirani ni ya uongo, kesho mutu mwingine anaisikia, kesho kutwa mama yako iko inje. Nilikuuliza wewe. Mara mbili, mu ekzame. Ukanijibu ishirini na thelathini na mbili."

Nilimtazama kwa shaka, sitadanganya. Miaka arobaini haifutiki kwa maelezo ya dakika kumi, hata yakiwa sawasawa. Hasa yakiwa sawasawa.

Siku ya kupima walikuja vijana wawili wa biro ya viwanja na utepe wa chuma. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani. Prof aliishika karatasi iliyoliwa, akasema mbele ya watu wote kwamba aliishuhudia, kwamba ina kosa, na kosa ni lake kwa kunyamaza. Akaomba kalamu. Akatia sahihi, mkia mrefu na yote. Mtaa mzima ulinyanyua shingo.

Kisha wakapima. Upana: ishirini na nne. Kwa urefu, kijana mmoja alishika mwanzo wa utepe, na Prof akasema mwisho ataushika yeye, macho yake mwenyewe anayaamini kidogo. Mwisho huo ulikuwa upande wa boma lake. Nilisogea. Utepe ulipita ishirini na sita. Ulipita kwa shubiri nzima. Hapo nikavikumbuka vile vipandikizi vya baba, kila masika, vikisukumwa mbele. Na panga la kila Jumamosi, ambalo tulisema linatula, kumbe lilikuwa likijaribu kutuzuia.

Prof aliinama karibu kabisa na namba. Mtu aliyeninyima alama kwa nukta sita. Akasimama.

"Ishirini na sita," akasema. "Kamili."

Kijana akaandika. Mama alikuwa amesogea bila mimi kusikia, naye aliuona utepe. Alinibana mkono.

"Prof amekosea," nikanong'ona.

"Nyamaza. Ile ni matabishi."

Alirudi ndani bila kumsalimia. Lakini alasiri alinipa sahani ya sombe ya majani ya mihogo, imefunikwa, na wali kandoni, akaniambia nipeleke kule. Hakusema kule ni wapi. Nilipofika njiani akaniita kutoka barazani: "Na ukirudi, upitie kwa michongoma. Uhesabu hatua."

Nikasimama tena mlangoni.

"Hodi."

"Nani?"

"Jirani."

"Iko nini mu sahani?"

"Sombe. Mama ametuma."

"Mama yako? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, Prof."

"Ameionja?"

Nikafunua sahani, nikachota kwa vidole, nikala mbele ya upenyo wa mlango ili anione nikimeza. Nikangoja. Yeye pia akangoja, nadhani akinihesabia pumzi, mpaka aliporidhika kwamba niko na nitaendelea kuwapo.

"Basi karibu," akasema.